Kovu la Mtu Mwingine

Maumivu yalimkuta Mama Pacha kazini, kwenye mashine ya kupigia mashuka pasi. Asubuhi yalianzia kitovuni, akadhani ni njaa, akanywa chai akaendelea. Kufikia mchana yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia, na kila alipoinama kutoa shuka kwenye kikapu ilibidi kwanza ashike ukingo wa meza. Mwenzake aliyekuwa akishika ncha ya pili ya shuka aliona kuwa jasho linalomtoka si la mvuke.

"Leo unakunja shuka kama unakunja bati," alimwambia.

"Tumbo."

"La siku zote?"

"Hili silijui."

Jina la Mama Pacha alipewa na mtaa siku alipotoka wodini na watoto wa kike wawili. Watoto wenyewe sasa wako shule ya bweni, lakini jina limeganda. Katika kampuni ile inayofua mashuka na taulo za mahoteli hakuna aliyemwita vingine. Jina la kwenye kitambulisho alilisikia benki na hospitali tu, na hata huko mara nyingine lilimpita, hadi mtu wa pembeni amguse bega.

Msimamizi wao, mama asiyependa maneno mengi, alimtazama mara moja akaita dereva. Mama Pacha akapakiwa kwenye gari la kusambazia nguo, akaegemezwa kwenye mafurushi ya taulo safi, na njia nzima msimamizi alikuwa amemshikia ndoo. "Taulo usizitapikie," alimwambia. "Tapikia hapa." Ndiyo pole aliyoijua.

Hospitalini walimpokea bila matatizo. Alitoa kadi ya bima, karani akaisoma, akamuuliza tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Kifaa cha kuwekea alama ya kidole kilikuwepo mezani, kimefunikwa kitambaa kama redio ya marehemu. Kilikuwa kibovu tangu siku nyingi, na hakuna aliyekiulizia.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono mipole. Alimbonyeza tumbo taratibu upande wa kulia, hakuumia sana. Alipoachia ghafla, Mama Pacha alikaribia kumpiga kofi.

"Samahani mama. Ilibidi," alisema daktari, akarudi kwenye kompyuta yake. Alisoma, akapandisha ukurasa juu, akasoma tena. "Kidole tumbo ulitolewa lini?"

"Sijatolewa."

"Hapa pameandikwa ulipasuliwa mwaka jana, katika hospitali hii hii. Ukalazwa, ukarudi kutolewa nyuzi."

"Atakuwa mwingine mwenye jina kama langu."

"Jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, mwajiri wako, na namba ya kadi hii uliyokuja nayo."

Pamoja na maumivu yote, Mama Pacha alitaka kucheka. "Daktari, mtu anaweza kupasuliwa akasahau?"

Daktari hakucheka. Aliomba ruhusa, akapandisha blauzi, akaangalia upande wa kulia wa tumbo kwa muda mrefu kuliko tumbo linavyohitaji kuangaliwa. Kulikuwa na michirizi ya uzazi, na alama ya zamani ya kuungua na pasi. Kovu la kisu hakuna. Akatoka nje, akarudi na karani wa bima, bwana mmoja wa makamo aliyekuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso.

"Mama, kadi hii umeipata wapi?" aliuliza karani.

"Kazini kwangu."

"Naomba kitambulisho."

Alimpa. Karani alishusha miwani, akalinganisha picha na uso, uso na picha. "Unafanana," alikubali. "Lakini hata aliyekuja mwaka jana alifanana, ndiyo maana akatibiwa. Na vitambulisho siku hizi vinachongwa kama mihuri. Nitajie namba yako ya simu."

Mama Pacha aliitaja.

"Siyo iliyo humu."

Msimamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, aliingilia kati. Alisema anamfahamu mwanamke huyu tangu akiwa kibarua wa kuanika nguo, na kama si yeye basi hata yeye msimamizi siye. Karani alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kilichokuwa kinamsumbua: kwenye kompyuta mwenye jina ni mmoja, matumbo ni mawili, na moja kati ya hayo limekuja kwa kadi isiyo yake. Hakusema kuwa ni lipi, lakini alikuwa akilitazama la Mama Pacha.

Mama Pacha alilala pale kitandani akajihisi kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Alijaribu kutafuta kitu cha kusema ambacho mwizi asingekijua, akakosa. Jina la mama yake? Mwizi wa mwaka jana alilijua. Mtaa anaokaa? Ulikuwa humo. Kila alichokuwa nacho kuhusu nafsi yake mtu mwingine alishakitumia, kikachakaa.

"Hiyo namba ya simu iliyo humo," alisema, "inaishia na ngapi?"

Karani alisita, kisha akamsomea tarakimu za mwisho.

Mama Pacha alifumba macho. Namba ile aliijua kwa kichwa. Ndiyo aliyoipiga kila alipochelewa kutoka kazini, kila unga ulipoisha, kila watoto walipoandika kwamba wanahitaji sabuni. Papo hapo akaukumbuka mwezi ule wa mwaka jana. Mama yake aliteleza akavunjika mguu, naye akachukua likizo akaenda kumuuguza. Kadi aliiacha kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa vya kichwa, kwa sababu ni nani huenda kumuuguza mtu na kadi ya kuugulia yeye.

"Ni namba ya mume wangu," alisema. "Mpigieni aje."

Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alifika akiwa na nguo za kazi zenye matundu ya cheche, mikono haijanawa. Alimwona mkewe, akamwona daktari, kisha akamwona karani wa bima, na hapo hatua zake zikapungua.

Daktari ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa upole. "Mzee, nahitaji jibu moja tu, na nalihitaji sasa. Kama mkeo alishatolewa kidole tumbo, maumivu haya ni ya kitu kingine, na itabidi tukitafute kabla ya kugusa kisu. Kama hakutolewa, basi kila tunavyokaa tunamchelewesha. Alipasuliwa au hakupasuliwa?"

Fundi alimtazama karani. Alijua kuwa jibu la kumwokoa mkewe ndilo litakalomfunga yeye. Baadaye Mama Pacha alisema kwamba katika ubaya wote wa siku ile, kwa hilo moja atamsifu: hakukawia.

"Si yeye," alisema. "Ni mdogo wangu."

"Kitinda?" aliuliza Mama Pacha.

"Ndiye."

Kitinda ni wifi yake, binti wa mwisho katika tumbo la mama mkwe wake, msusi wa nywele. Fundi alimlea tangu wazazi wao walipofariki. Ni mrefu kama Mama Pacha, mweusi kama yeye, na picha ya kwenye kadi ilipigwa zamani, mwenyewe amejifunga kitambaa. Mtu mwenye haraka asingewatofautisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Daktari alimwambia muuguzi kila kitu kipimwe upya, wasiamini chochote kilichoandikwa mle ndani. Karani alitaka kujua bili ataandikiwa nani. Daktari alimjibu kuwa hata kama kadi ingekuwa ya kuokota, mgonjwa si wa kuokota. Damu ilipopimwa ikaonekana ni kundi O. Kwenye kompyuta, chini ya jina la Mama Pacha, palikuwa pameandikwa B. Daktari hakuhubiri. Alimgeuzia fundi kioo cha kompyuta, akaweka karatasi ya maabara kando yake, akaenda kuvaa nguo za upasuaji. Fundi aliziangalia zile herufi mbili, akakaa chini kwenye sakafu, hapo hapo kwenye korido, watu wakawa wanamruka miguu.

Walimtoa kidole tumbo kikiwa kimevimba kinakaribia kupasuka. Alipozinduka alimkuta mumewe ameshanawa mikono, anamwangalia.

"Usinisemeshe," alisema Mama Pacha. "Kaa tu."

Akakaa.

Kuumwa kuliisha mapema kuliko kesi. Akiwa bado wodini alijiwa na afisa utumishi wa kampuni yao, amebeba bahasha. Kanuni ilikuwa wazi na Mama Pacha aliijua: mfanyakazi anayemwazima mtu kadi ya bima anafukuzwa kazi. Alieleza kwamba hakumwazima mtu, kwamba hata hakujua. Afisa alisema anamwamini, ila kuamini kwake hakuwezi kubandikwa kwenye faili. Kama kuna mtu aliyechukua kadi bila ruhusa, mtu huyo aje aseme mwenyewe, aandike na atie sahihi.

Kwa hiyo yule aliyeibiwa ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba si mwizi. Jambo hili lilimkasirisha Mama Pacha kuliko kadi yenyewe.

Aliporudi nyumbani, alimruhusu mumewe kusema. Fundi alisimulia akiwa amekaa kwenye stuli jikoni, anamenya vitunguu kwa sababu mkewe alikatazwa kusimama sana. Kitinda alikuja hapa amejikunja kama kamba. Saluni haina bima. Hospitali ya kwanza iliwarudisha kwa kukosa malipo ya kuanzia. Alifungua droo akitafuta akiba, mkono ukaangukia kadi.

"Ningemwacha afe?"

"Sijasema hivyo."

"Basi ningefanyaje?"

"Siku ile, sijui," alisema Mama Pacha. "Kweli sijui. Pengine hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Mimi nakuuliza ya kesho yake. Nilirudi hapa kutoka kwa mama, ukanipokea mizigo, tukala, tukalala. Ukanyamaza mwaka mzima na damu ya mtu mwingine imeandikwa kwa jina langu."

"Niliona yamekwisha."

"Kwako."

Fundi alimenya kitunguu kingine. Kisha alisema, "Unajua walinifanya niwe mume wake."

"Nani?"

"Wauguzi. Kadi ni ya mke wangu, kwa hiyo mimi ni mume. Nikaambiwa nimshike mkono mke wangu, nimpangusie jasho. Kitinda na maumivu yake yote akaninong'oneza, 'Kaka, ukinishika nakung'ata.' Muuguzi mmoja akasema, ama nyie ndoa yenu ina mushkeli."

Mama Pacha alicheka. Nyuzi zikamvuta, akashika tumbo, akaendelea kucheka, kisha akakasirika kwa kuwa amechekeshwa kabla hajawa tayari kucheka. Alimwambia mumewe aondoke jikoni na vitunguu vyake.

Kitinda hakuja wiki ile. Alituma salamu, akatuma maziwa, akatuma msichana wa saluni kuuliza hali. Alipojitokeza mwenyewe, alipitia mlango wa nyuma na moja kwa moja akachutama kwenye beseni la nguo akaanza kufua.

"Acha hizo," alisema Mama Pacha. "Mimi ndiye mwenye kazi ya kufua. Njoo ukae."

Kitinda alikuja na mikono yenye povu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Wifi, nilikuwa nakufa."

"Najua. Na mimi juzi nilikuwa nakufa, nikaambiwa nilishapona mwaka jana."

Kitinda aliinamisha kichwa. Alisema kaka yake alimwapisha asimwambie. Alisema kila alipokuja hapa alijifunga kanga hadi kifuani hata akiwa anaoga, wifi yake asije akaliona kovu akauliza. Alisema aliona aibu. Hilo Mama Pacha aliliamini, maana alikumbuka jinsi binti huyu, mtu wa kukaa tumbo wazi kwenye joto, alivyogeuka ghafla kuwa mstahivu, naye akadhani amepata mchumba.

"Sikukuita unililie," alisema. "Nataka twende hospitali, halafu ofisini kwetu. Useme ulichofanya."

"Wakinikamata?"

"Sijui kama watakukamata. Ningekudanganya nikikwambia hawatakukamata."

"Na nisipokwenda?"

"Nafukuzwa kazi. Na jina langu linabaki na damu yako."

Kitinda alijipangusa povu kwenye sketi. Alirudi kwenye beseni akamaliza nguo zote, akazianika, akaondoka. Mama Pacha alilala bila kujua kama atakwenda. Kesho yake walipofungua mlango na fundi, Kitinda alikuwa kibarazani amevaa viatu vya kufungwa, vile anavyovaa akienda msibani.

Ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa ilikuwa chumba kidogo chenye feni inayolia. Walikaa wote watatu mbele ya karani yule yule wa bima. Fundi alisema la kwake, kwamba aliitoa kadi mwenyewe na akabadilisha namba ya simu ili ujumbe wa hospitali usimfikie mkewe. Alilisema hili la mwisho akitazama feni. Kitinda alisema la kwake. Karani aliuliza kama ana uthibitisho. Akaitwa yule daktari kijana, Kitinda akasimama, akaingia naye nyuma ya pazia, akaonyesha kovu. Daktari alitoka akasema, "Hili ndilo. Hata mshono ni wa mwalimu wangu."

Kazi ya kutenganisha ilichukua muda. Kila kilichoandikwa mwaka jana kilihamishwa kimoja kimoja kwenda faili jipya: kisu, nyuzi, dawa, kundi la damu. Karani alipomuuliza Kitinda jina lake kamili ili afungue hilo faili, Kitinda alianza kutaja la wifi yake, akajishika mdomo. Kisha akataja la kwake, polepole, herufi kwa herufi.

Hakukamatwa mtu. Kampuni ya bima ilitaka gharama zote zirudishwe, na fundi akakubaliana nao kulipa kidogo kidogo. Mageti mengi ya mtaa ule yalichomelewa kwa ajili hiyo. Yeye na watoto waliondolewa kwenye bima hadi mwaka upite. Ofisini kwao Mama Pacha nako waliandika wakatia sahihi, na barua ya kutaka kumfukuza kazi ikafutwa. Kitinda na wasusi wenzake, baada ya kuzungushana sana, walijiandikisha bima kama kikundi. Aliipiga picha kadi yake akataka kuituma kwa kila mtu, Mama Pacha akampigia simu akamwambia aifute upesi.

Kazini walimpokea kwa kelele na kumkalisha kwenye stuli karibu na dirisha. Wakati wa chai alisimulia yote, hata lile la ndoa yenye mushkeli. Walicheka sana, ila mwenzake wa kwenye mashine alibaki anakoroga chai yake.

"Yako iko wapi?" Mama Pacha alimuuliza.

"Kadi? Kwa kaka yangu. Mkewe ana mimba."

Hakuna aliyemcheka. Msimamizi alikunywa chai yake, akasema, "Kaifuate leo. Nitakuombea ruhusa." Na mwingine akasema yeye kila anaposajili laini ya simu kwa wale vijana wanaokaa chini ya miavuli barabarani huwaachia nakala ya kitambulisho, na hajui wanaipeleka wapi. Mwingine nywila yake ya simu ni mwaka wa kuzaliwa mtoto wake, na mtaa mzima ulikula keki ya mtoto huyo. Chai iliisha wakiwa bado wanahesabu mahali walikoyaacha majina yao.

Mama Pacha mwenyewe hakuwa mtu wa kuogopa kila kivuli, lakini alibadilika. Hospitalini kifaa cha alama za vidole kiliponunuliwa kipya, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kila akienda kutibiwa humwomba karani amsomee kilichoandikwa chini ya jina lake kabla ya kuandika kipya. Walio nyuma yake huguna. Yeye husubiri hadi kundi la damu.

Nyumbani ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu huko hakukuwa na karani. Kwa miaka yote ya ndoa yao simu yake ilifunguliwa na mumewe kama yake, droo hazikuwa na funguo, na wote wawili waliliona jambo hilo kuwa ndiyo ndoa. Hakumnunia. Walikula pamoja, walikwenda pamoja kuwatazama watoto shuleni. Alipomkuta amechoka na mageti yake, alimpasha maji ya kuoga.

Jioni moja walikuwa wamekaa sebuleni, yeye akiwa na simu, fundi anarekebisha waya wa taa. Mama Pacha aliingia mahali pa kubadilisha namba ya siri. Kidole kilisita kidogo. Kisha aliweka kiganja juu ya kioo, akaandika.

Fundi aliona. Aligeukia upande wa pili, akaendelea na waya wake mpaka mkewe alipomaliza.

"Umeshaweka?" aliuliza.

"Nimeweka."

"Nzuri," alisema, akamwomba amshikie tochi.